Miyata ya miaka ya 80: natoa mikono ya gia ya kisasa, narudisha ile ya kwenye paipu

Pedali_Moro

Wakuu, habari zenu. Ninayo fremu ya baiskeli ya mashindano ya Miyata, chuma cha chromoly (chenye kromiamu na molibdeni), ya miaka ya 80, mtumba wa Japani. Aliyekuwa nayo kabla aliivisha vifaa vya miaka ya 90: mikono ya breki na gia kwa pamoja (sproketi 8 nyuma), gurudumu la nyuma la kaseti (sproketi zinazovikwa juu ya bodi ya kitovu cha gurudumu) na breki fupi za kalipa (zile zinazobana rimu kama koleo). Krenki (mikono ya pedali na ringi zake) ni ya zamani, Sugino, ringi za meno 52 na 42, ekseli ya mraba.

Mkono wa kulia umekufa. Ukiusukuma unakwenda na kurudi bila kushika kitu, cheni imeganda kwenye sproketi ndogo. Mpya wa sproketi 8 ni wa kusaka, na bei ya jozi inakaribia bei ya baiskeli nzima. Kwenye paipu ya chini bado vipo vile vitako viwili vya mikono ya gia ya zamani, sasa vimefungwa stopa za waya.

Nataka baiskeli ambayo kila kipande naweza kukifungua, kukisafisha na kukipata hapahapa Morogoro bila kuagiza. Maswali:

– Mikono ya kwenye paipu isiyobofya itaendesha sproketi 8, au lazima nishuke hadi 6 au 7?
– Nibaki na kaseti au niweke friwili (sproketi za kukaza kwa thredi)?
– Ekseli ya kati, ile ya krenki, inacheza. Nirudishe vikombe na gololi, au nifunge ile ya kopo lililozibwa, beringi zikiwa ndani yake?
– Pedi za breki ya nyuma nimezishusha hadi mwisho wa mfereji wake na bado zinagusa tairi. Rimu ni 700C. Tatizo ni nini?

Safari zangu ni za lami na changarawe kidogo, na mara nyingine milima kama ule wa kutoka Mombo kwenda Lushoto. Spana ninazo, jiriwa ipo, vernia (kipimio cha milimita) ipo.

Gololi_Robo

Mkuu, hiyo vernia ndiyo ya kuanza nayo. Usinunue hata nati kabla hujapima nafasi ya nyuma ya fremu. Toa gurudumu, pima kati ya nyuso za ndani za masikio yanayoshika ekseli. Fremu za mashindano za sproketi 6 na 7 zilitengenezwa kwa 126 mm. Gurudumu la kaseti ya 8 linataka 130. Kama fremu inasoma 126, maana yake gurudumu limekuwa likiingizwa kwa kulazimisha, jambo ambalo chuma kinavumilia. Kama inasoma 130, kuna mtu aliitanua, na hapo ujue kama aliitanua sawa pande zote mbili.

Kipimo chake ni uzi. Funga uzi kwenye sikio la nyuma la kulia, upeleke mbele, uzungushe shingo ya fremu, urudi nao hadi sikio la kushoto, uvute ukaze. Sasa pima kutoka kwenye uzi hadi paipu ya siti, kulia na kushoto. Tofauti ya 1 mm iache. Ikizidi 2 mm, upande mmoja umevutwa kuliko mwingine, na baiskeli itakuwa inaburura gurudumu la nyuma nje ya mstari wa gurudumu la mbele.

Wakati fremu iko tupu, pitisha kidole chini ya paipu ya juu na paipu ya chini, sentimita chache nyuma ya shingo. Ukisikia mkunjo au rangi iliyopasuka kwa mstari wa kukata paipu, fremu hiyo iligonga kitu kwa mbele. Mkunjo wa pale haunyooshwi. Afadhali ujue leo kabla hujaweka pesa.

Kuhusu kaseti: baki nayo. Habu (kitovu cha gurudumu) ya friwili ina udhaifu wa umbo lake wenyewe. Friwili inaingia kwa thredi nje ya habu, kwa hiyo gololi za upande wa kulia zinakaa ndani kabisa, nyuma ya sproketi, na kipande kirefu cha ekseli ya 10 mm kinabaki bila cha kukiegemeza hadi kufika kwenye sikio la fremu. Kadiri sproketi zinavyoongezeka ndivyo kipande hicho kinavyorefuka. Kwenye changarawe na mzigo ekseli inapinda, kisha inakatika karibu na koni (nati inayozibana gololi) ya kulia. Shimano walipoleta habu ya kaseti mwaka 1978 walizisogeza gololi za kulia nje, karibu na sikio la fremu. Ukiitoa hiyo kwa ajili ya friwili unarudi kwenye tatizo ambalo tayari lilishatatuliwa. Kinachokukwamisha ni mikono ya gia tu. Badilisha hiyo.

Fremu_Chuma

Gololi_Robo yuko sahihi kuhusu ekseli, ila swali la Pedali lilikuwa atapata nini Morogoro. Friwili ya sproketi 7 ya meno 14–28 iko karibu kila duka la vipuri vya baiskeli, hata wilayani, kwa sababu baiskeli nyingi za gia za bei ya chini ndizo zinazotumia. Bodi ya kaseti ikifa, yaani ile ngoma yenye meno ya ndani, utaanza kuulizia kwa simu. Kwa mtu mwepesi asiyebeba mzigo, habu ya friwili ya 126 yenye ekseli ya chuma kizuri inadumu miaka.

Ukiamua njia hiyo, mambo mawili. Thredi ya friwili ya kawaida ni inchi 1.37 yenye nyuzi 24 kwa kila inchi, na habu nyingi za Kijapani ni hiyo. Habu za Kifaransa za zamani zina 34.7 mm kwa hatua ya 1 mm, na zinakaribiana kiasi kwamba friwili ya kawaida itaanza kuingia, kisha itakula thredi. Ikikwama baada ya mzunguko mmoja, simama.

Pili, ukitaka kuvunja gurudumu la zamani ili uchukue habu, toa friwili kwanza, spoki baadaye. Friwili hujikaza yenyewe kila unapokanyaga pedali, na inahitaji nguvu ya rimu nzima kuilegeza. Weka kifunguo chake kwenye mipasuo, kibane kwa nati ya ekseli kisiruke, shika kifunguo kwenye jiriwa, zungusha rimu kinyume cha saa kama usukani wa lori. Ikishalegea robo mzunguko, legeza nati ndipo uendelee. Ukishakata spoki huna tena cha kushika.

Gololi_Robo

Hoja ya upatikanaji naikubali, ila kaseti nayo si ya kuogopa. Bodi inayobeba kaseti ya 8 inabeba pia ya 7 ukitanguliza spesa ya 4.5 mm nyuma yake, na za 7 na 8 zinatumika kwenye baiskeli nyingi za milimani zinazokuja kama mtumba. Bodi yenyewe mara nyingi haijafa. Grisi imekauka na vikwamizi vyake vya ndani (vimeno vinavyoshika ukikanyaga mbele) vinalala. Toa ekseli, weka bodi iangalie juu, mimina mafuta ya taa kwenye mwanya wa nyuma huku unaizungusha kinyume hadi yatoke safi, iache ikauke, kisha tia mafuta mazito ya injini. Usitie grisi nzito ndani ya bodi. Vikwamizi vinanata vikiwa chini, na siku ya kupanda mlima pedali inakwenda mbele bila kushika kitu.

Unapofungua gurudumu usirudishe gololi za zamani hata kama zinang'aa. Nyuma ni 9 za robo inchi kila upande, mbele ni 10 za 3/16 kila upande. Gololi mpya ni rahisi kuliko koni. Koni yenye mstari wa vishimo, ukipitisha ncha ya kalamu ikakwaruza, ibadilishe pia, maana itakula gololi mpya upesi. Kwa ekseli yenye mtobo ya kubana kwa mkono, acha mchezo mdogo sana unapokaza koni ukiwa mezani. Kibano kikifungwa kinaibinya ekseli na ule mchezo unaisha. Ukiukaza ukaisha mezani, barabarani gololi zitakuwa zinasagwa.

Waya_na_Gamba

Ndugu Pedali, kabla hujaihukumu hiyo mikono: nyingi za aina hiyo hazijavunjika, grisi ya kiwandani imegeuka gundi na springi ndogo haina nguvu ya kukirudisha kikwamizi. Chomoa waya wa gia, ning'iniza mkono, pulizia mafuta mepesi ya kupenyeza ndani hadi yachuruzike safi, bofya huku na huku kwa dakika kadhaa, iache usiku mzima, rudia. Ikifufuka, iuze au mpe mwenye shida. Shabaha yako ya urahisi bado naiunga mkono.

Sasa jibu la swali la kwanza: ndiyo, itaendesha 8. Mkono usiobofya hauna hesabu ndani yake. Unavuta waya kiasi unachotaka wewe na kuushikilia kwa msuguano. Gia za kubofya za Shimano za mashindano zilikuja 1984, na mikono ya breki na gia pamoja 1990. Kabla ya 1984 mashindano karibu yote yaliendeshwa kwa msuguano. Jambo moja tu la kuhakikisha ni urefu wa mvuto. Sproketi 6 za zamani zina upana wa kama 27.5 mm kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, ukipima katikati kwa katikati. Sproketi 8 ni 33.6. Kwa hiyo mkono utasafiri zaidi. Funga waya, usikate mkia wake bado, vuta mkono hadi sproketi kubwa kabisa. Ukifika bila kugota, kata. Mikono mingi inafika.

Kufunga: fungua zile stopa kwenye vitako. Utaona kila kitako kina sehemu ya chini yenye umbo la mraba. Bamba la chini la mkono lina tundu la mraba linalolalia hapo, na hapa ndipo watu wanapokosea. Mraba unakubali kuingia kwa namna nne, lakini moja tu ndiyo inayoweka kizuizi cha mkono mahali pake. Mkono ukiwa umelegea kabisa ulale mbele, sambamba na paipu ya chini, ukielekea juu kwenye shingo. Ukigota ukiwa umesimama wima, toa bamba, geuza robo, rudisha. Halafu rudisha washa (pete bapa) kwa mpangilio ule ule zilivyotoka: za chuma na za plastiki zinapishana, na ukiziweka chuma kwa chuma mkono utashika ghafla badala ya kuteleza kwa ulaini. Usitie grisi kwenye washa za msuguano.

Ile skrubu yenye pete ya kushika kwa vidole ndiyo breki ya mkono wa gia. Kama cheni inajishusha yenyewe kutoka sproketi kubwa unapokanyaga kwa nguvu, springi ya direla (kifaa kinachohamisha cheni) inaushinda msuguano. Kaza robo mzunguko. Mkono wa kulia ni wa nyuma, na kuulaza mbele ni sproketi ndogo. Wa kushoto ni wa mbele, kuuvuta nyuma ni ringi kubwa.

Waya wa gia ni 1.2 mm, hupita wazi kutoka mkononi hadi chini ya ekseli ya kati, unapita kwenye kiongozi cha plastiki kilichofungwa pale kwa skrubu, unafika stopa karibu na gurudumu la nyuma. Gamba (ala ya nje ya waya) linahitajika kipande kimoja tu, kama sentimita 25 hadi 30, kutoka stopa hiyo hadi direla. Huo ndio uzuri mkubwa wa mpangilio huu: hakuna gamba la kuingia maji isipokuwa hapo. Kata gamba kwa kikata waya chenye makali, sawazisha mwisho kwa tupa, fungua tundu kwa msumari mwembamba, vika vikofia pande zote mbili.

Na hili lisomwe polepole: gamba la gia za kubofya lina nyaya zilizolala kwa urefu, zimeshikwa na plastiki peke yake. Kamwe lisitumike kwenye breki. Ukibana breki kwa nguvu plastiki inapasuka, nyaya zinafumuka, na breki inatoweka. Gamba la breki ni la 5 mm, lililosokotwa kama springi, na waya wake ni 1.5 au 1.6. Dukani yanafanana rangi. Angalia mwisho uliokatwa.

Pedali_Moro

Asanteni sana wakuu. Nimepima.

Nyuma: 130 bila gurudumu. Uzi: kulia 31, kushoto 33.5. Paipu haina mkunjo popote.
Ganda la ekseli ya kati: upana 68. Ekseli iliyotoka ina urefu wa 118. Vikombe vina vishimo.
Kutoka ubavu wa paipu ya siti hadi katikati ya ringi mbili: 32. Paipu ya siti ina 28.6.
Boliti hadi boliti ya jirani kwenye krenki: 76.4.
Breki: kutoka katikati ya tundu la boliti hadi katikati ya njia ya pedi kwenye rimu, mbele 50, nyuma 52. Tundu la fremu ni jembamba, nati ilikuwa nje.

Gololi_Robo

Uzi umesema kila kitu. Aliyeitanua alivuta upande wa kushoto peke yake. Fremu ya 126 iliyoongezwa 4 mm ilitakiwa kupata 2 kila upande.

Kuirekebisha hakuhitaji moto, na moto usiukaribishe kabisa, unaua chuma kile. Laza fremu ubavuni, kulia kukiwa chini, funga shingo na paipu ya siti kwenye benchi kwa kamba na matambara. Upande wa kushoto urudi ndani kwa kusukumwa na kiganja na uzito wa mwili, kidogokidogo, ukipima kwa uzi kila mara. Chuma kitarudi mwanzoni kana kwamba hakijasikia, kisha kitaanza kukubali. Halafu geuza, wa kulia utoke kwa mti mrefu uliopitishwa ndani, ukiegemea paipu ya siti. Lengo: 130 na uzi sawa.

Ukimaliza, masikio yenyewe yatakuwa hayatazamani tena. Chukua boliti mbili ndefu za M10, funga kila moja kwenye sikio lake kwa nati mbili, ncha zikielekeana katikati. Ncha zikikutana uso kwa uso, sawa. Zikipishana au kutazama pembeni, pinda sikio kwa spana kubwa. Masikio yasiyolingana ndiyo yanayopinda ekseli za watu huku wakilaumu ubora wa ekseli. Chuma pekee ndicho kinachoruhusu kazi hii. Alumini na kaboni hapana.

Ringi_Kati

Nichukue upande wa krenki. Upana wa 68 kwenye fremu ya Kijapani ya wakati ule ni thredi ya Kiingereza, inchi 1.37 kwa nyuzi 24. Kikombe cha kulia kina thredi ya kushoto: kinafunguka kwa kuzungusha kwa saa. Kwa kuwa umeshavitoa hilo umelivuka, ila wengine watakaosoma wakumbuke kwamba sheria hii si ya fremu zote. Raleigh nyingi za Nottingham zina nyuzi 26 badala ya 24 na ganda pana zaidi, Kiitaliano ni 36 mm upana 70, na Kifaransa ni 35 mm ambapo pande zote mbili hufunguka kinyume cha saa. Jina Raleigh kwenye shingo ya fremu pekee halikuambii kitu.

Vikombe na gololi au kopo? Kwenye hili usirudi nyuma. Vikombe vyako vina vishimo tayari, na vipya vizuri vilivyosagwa laini ni adimu kuliko kopo. Kopo la ekseli ya mraba linaingia, linakazwa, na haligusiwi hadi lichoke. Urahisi unaoutafuta uko hapo. Vikombe vya gololi 11 za robo inchi kila upande ni kazi nzuri ya mikono, lakini vinataka kufunguliwa kila mvua kubwa inapopita.

Urefu usiukisie. Nusu ya paipu ya siti ni 14.3, ongeza 32 zako, mstari wa cheni (umbali kutoka katikati ya fremu hadi katikati ya ringi mbili) ni 46.3. Krenki ya ringi mbili ya barabarani inatakiwa 43.5. Uko nje kwa karibu 3 mm, ndiyo maana bila shaka cheni inalia ukiwa ringi kubwa na sproketi kubwa. Ekseli inapungua sawa pande zote mbili, kwa hiyo kutoka 118 kwenda 113 unaingia 2.5. Utakuwa 43.8. Kabla ya kulipa, hakikisha ringi ndogo sasa hivi iko mbali na fremu kwa 6 mm au zaidi, ili baada ya kuingia ibaki angalau 3.

Kwa hiyo: kopo la 68 × 113, mraba wa Kijapani. Mraba wa Kiitaliano wa Campagnolo una ncha nyembamba kidogo, na krenki yako ya Sugino ingeingia ndani mno juu yake. Safisha thredi kwa brashi ya waya, paka grisi nyingi, anza kwa vidole mizunguko mitatu kabla ya kushika spana. Kaza 50 hadi 70 Nm. Boliti za krenki 35 hadi 40 Nm, kagua mara moja baada ya kilomita mia hivi, kisha achana nazo. Anayekaza kila wiki anaipandisha krenki juu ya mraba hadi inapasuka. Na siku ya kuitoa, ondoa boliti pamoja na washa yake kabla ya kuingiza kivutio (kifaa cha kung'olea krenki). Washa ikibaki ndani, kivutio kinang'oa thredi za krenki.

Ile 76.4 zidisha kwa 1.7, unapata mduara wa boliti (kipenyo cha duara linalopita kwenye boliti za ringi) wa 130 mm. Mduara huo unakubali ringi ndogo hadi meno 38, na ya 39 ndiyo inayopatikana kirahisi. Kwa gurudumu la 700 × 25 mzunguko ni kama mita 2.1: 42 kwa 28 inakupa mita 3.15 kwa kila mzunguko wa pedali, 39 kwa 28 inakupa 2.92. Kwa Mombo–Lushoto bado ni nzito ukiwa na begi. Kinachosaidia kweli ni krenki ya mduara wa 110, yenye 46 na 34: 34 kwa 28 ni mita 2.55. Na kwa kaseti ya 11–28 hupotezi mwendo wa tambarare, maana 46 kwa 11 ni mita 8.8 wakati 52 kwa 14 ya friwili ni 7.8 tu. Direla yako ya nyuma iwe na uwezo wa kukaza cheni kwa tofauti ya (46−34) + (28−11) = meno 29. Yenye mkono mfupi wa kukazia cheni inafika hapo ukingoni, ya mkono wa kati inafika bila jasho. Ukibadilisha krenki, mstari wa cheni uupime upya kabla ya kuchagua kopo, kwa sababu kila krenki ina urefu wake wa ekseli.

Fremu_Chuma

Breki na matairi ni zangu. Fremu yako huenda ilitengenezwa kwa magurudumu ya inchi 27, ambayo kiti cha tairi (kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa) ni 630 mm. 700C ni 622. Tofauti ya kipenyo ni 8, kwa hiyo rimu yako iko chini kwa 4 mm kuliko ilivyokusudiwa, na kalipa fupi zenye mfiko wa 39 hadi 49 mm haziifikii. Ndiyo maana pedi zinagusa tairi. Vipimo vyako vya 50 na 52 vinataka kalipa za 47–57. Hazina ubaya wowote, na zinakuachia nafasi ya tairi la 28 au hata 32, jambo zuri kwa changarawe yako.

Kalipa za sasa nyingi zina nati iliyojificha ya 8 mm, na fremu yako ina tundu la 6. Panua kwa keekee upande wa nyuma tu wa uma unaoshika gurudumu la mbele. Upande wa mbele ubaki 6, ndio unaoshika boliti. Kwenye daraja la nyuma (kipande kinachounganisha paipu mbili za nyuma) panua uso unaotazama mbele, ule wa upande wa paipu ya siti. Kama hutaki kutoboa fremu, tafuta kalipa za nati ya nje, bado zinatengenezwa.

Mikono ya breki ya usukani wa mashindano inataka waya wenye kichwa cha umbo la pea. Wa baiskeli za milimani una kichwa cha pipa na hautakaa. Usilazimishe kwa tupa.

Matairi: usiseme dukani "nipe namba 28". Baiskeli za mizigo kama Phoenix na Avon zinatumia 28 × 1½, na kiti chake ni 635. Hilo ni kubwa kuliko rimu yako kwa 13 mm. Litavaa kirahisi mno, na ukijaza upepo litatoka kwenye rimu. Tena kuna tairi zilizoandikwa 28 × 1⅝ × 1⅜ ambazo ni 622 na zinakufaa kabisa kama zinapita kwenye fremu. Namba ya kusoma ni ile ya tarakimu mbili na tatu zenye kistari katikati, mfano 28-622. Mwisho uwe 622, basi.

Pedali_Moro

Nimeelewa wakuu. Nabaki na kaseti, kopo, kalipa za 47–57 na mikono ya kwenye paipu. La mwisho: cheni ya sproketi 8 nitaipima vipi urefu, na bila kubofya nitajuaje kwamba imekaa sawa kwenye sproketi?

Waya_na_Gamba

Cheni zungusha kwenye ringi kubwa na sproketi kubwa bila kuipitisha kwenye direla. Pale ncha zinapokutana kwa kubana, ongeza inchi moja kamili, yaani pini mbili, kata hapo. Cheni ya 6, 7 na 8 ni moja, upana kama 7.1 mm. Ile ya baiskeli za mizigo ni pana kwa ndani, inakaa kwenye meno lakini haitahama sproketi.

Kuhusu kukaa sawa, sikio lako ndilo linalobofya. Legeza nguvu kidogo kwenye pedali, vuta mkono kupita kidogo mahali unapodhani ni sawa, kisha urudishe nywele moja hadi kelele ife. Ukishuka kwenda sproketi ndogo mara nyingi huhitaji kurudisha. Skrubu mbili za kikomo kwenye direla zifunge kabla ya safari ya kwanza, baiskeli ikiwa imening'inia: ile ya sproketi kubwa izuie direla isifike kwenye spoki hata ukivuta mkono kwa nguvu zako zote, maana mkono wa msuguano hauna kikomo kingine. Direla ya mbele ikae 1 hadi 3 mm juu ya meno ya ringi kubwa, sambamba nayo.

Waya mpya unanyooka. Baada ya kilomita kadhaa mkono utaonekana unasafiri zaidi kabla ya cheni kuanza kupanda. Laza mkono mbele kabisa, legeza boliti ya waya kwenye direla, vuta kwa koleo, kaza. Skrubu za kikomo usiziguse.